Moto, Bodi na Rilei: Historia Fupi ya Maneno ya Feni ya Rejeta

Msomaji wa kurasa hizi amezoea kuletewa istilahi za mahakama, za benki, za hesabu na za elimu ya viumbe. Mara hii tunamwomba radhi tumpeleke mahali penye mafuta na masizi, yaani chini ya boneti ya gari. Nia yetu ni kutazama historia ya maneno machache anayoyahitaji fundi anapounga feni moja ya umeme kwenye rejeta ya gari ambalo halikutoka kiwandani na feni ya namna hiyo. Kazi yenyewe si kubwa, na nyaya zake hazizidi tano au sita. Lakini katika nyaya hizo chache yamekutana maneno yaliyotoka India, Uingereza na Ujerumani, na limo pia neno moja letu wenyewe, neno "moto", ambalo kwa maoni yetu halijapewa nafasi linayostahili katika orodha zetu.

Tulivutwa kwenye jambo hili na tukio dogo. Katika gereji moja ya uani jijini Dar es Salaam tulikuta Land Rover ya miaka ya 1970 iliyoondolewa injini yake ya asili na kutiwa injini ya dizeli ya Kijapani. Injini hiyo ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza, kwa hiyo feni yake ilibaki mbali na rejeta, ikipepea hewa isiyofika panapohitajika. Mwenye gari akanunua feni ya umeme. Fundi aliyepewa kazi alikuwa mzee mwenye sifa njema, aliyejifunza umeme wa magari katika ujana wake kwa kutengeneza magari ya Kijerumani. Akaanza kama aanzavyo mtu mwangalifu, akafungua kichwa kimoja cha betri ili kusiwe na hatari. Kisha akamwambia mwanagenzi wake, "Kijana, tafuta waya wa kahawia hapo nyuma ya dashibodi, uufunge kwenye bodi pamoja na ule mweusi wa feni." Kijana akauliza, "Huu mnene, fundi?" Naye akajibiwa, "Huo huo." Kazi ilipokwisha betri ikarudishwa, na kabla hatujahesabu hadi kumi moshi ulikuwa unatoka chini ya usukani. Mzee akaruka na spana akaitoa betri. Hakuumia mtu, ila nyaya za urefu wa karibu mita moja zilikuwa zimeungana kuwa donge.

Katika magari ya Kijerumani waya wa kahawia ndio unaokwenda kwenye bodi. Katika magari ya Kiingereza ya zama zile waya wa kahawia ni ule mkubwa utokao moja kwa moja kwenye betri, tena hauna fyuzi, na waya wa bodi ni mweusi. Magari ya mataifa yote mawili yamejaa katika barabara zetu tangu kabla ya uhuru, na mafundi wetu walijifunza kwa lile lililotangulia kufika mikononi mwao. Mzee yule alitafsiri rangi kutoka lugha moja kwenda nyingine pasipo kujua kwamba anatafsiri. Na kwa kuwa betri ilikuwa imefunguliwa, hata taa ya kujaribia isingemwonya. Ajabu ni kwamba uangalifu wake ndio uliomziba macho.

Basi tuanze na feni yenyewe. Kabla ya "feni" kulikuwa na "panka", neno la Kihindi, lililoshika pwani yetu pamoja na kitambaa kirefu kilichoning'inizwa darini na kuvutwa kwa kamba na mtumishi. Neno "pangaboi" limetokana na mtumishi huyo. Umeme ulipochukua kazi yake, jina lake likabaki darini, likawa jina la chombo. Hilo si jambo la kudharau katika historia ya istilahi: mtu aliondoka, neno likakaa. Lakini pangaboi halikuingia katika gari. Huko Kiingereza kilikuja na vyuma vyake, na fundi akachukua "feni" pamoja na "fenibelti", "puli" na "rejeta", kwa siku moja kama tunavyoweza kusema, maana vyote vilifika vikiwa vimefungwa pamoja.

Katika gari la namna ile feni haikuwa na waya hata mmoja. Ilifungwa mbele ya injini, ikazungushwa na mkanda uliotoka kwenye puli ya kranki, nao mkanda huo huo ukazungusha pampu ya maji na dainamo. Injini ikizunguka, feni huzunguka, iwe asubuhi ya baridi ya Mbeya au mchana wa joto la Tanga. Hapo ndipo penye upungufu wake. Gari likienda kilomita 80 kwa saa upepo wa barabara peke yake unatosha kupoza maji, na feni inakula nguvu za injini bure. Gari likisimama katika msongamano, injini inazunguka polepole, na feni nayo inazunguka polepole wakati inapotakiwa zaidi. Katika mito iliyofurika ilikuwa na hila nyingine, kwa kuwa hurusha maji juu ya nyaya za plagi, hata madereva wa Land Rover wakazoea kuvua mkanda kabla ya kuvuka.

Jambo moja la pembeni. Leo mkanda wa gari lenye feni ya umeme hauzungushi feni kabisa, unazungusha altaneta na pengine pampu, na bado dukani mteja anaomba "fenibelti" na anapewa. Hatuoni sababu ya kumsahihisha.

Umeme ulianza kuisogelea feni kidogo kidogo. Magari mengi ya Afrika Mashariki yaliyojulikana kwa jambo hili ni Peugeot 404, iliyotolewa mwaka 1960. Feni yake bado ilizungushwa na mkanda, lakini katikati palikuwa na klachi ya sumaku ya umeme: maji yakiwa ya baridi feni huachwa huru, yakipata joto swichi hufunga, sumaku hushika, na feni huanza kuzunguka. Gari hilo lilishinda mashindano ya Safari mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, kwa hiyo lilijulikana hadi vijijini, na mafundi wengi waliionea swichi ya joto ya feni kwanza katika gari hilo. Feni yenye mota yake mwenyewe ilienea baadaye, hasa waundaji wa magari walipoanza kulaza injini kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Injini ikilala hivyo, puli yake inatazama gurudumu badala ya kutazama rejeta, na mkanda hauna njia ya kuifikia feni. Fiat 128 ya mwaka 1969 ni mfano unaokumbukwa wa mpango huo. Tangu hapo feni ya umeme ikawa kitu cha kawaida, kisha ikaanza kuuzwa peke yake, ili mwenye gari la zamani au lililobadilishwa injini aifunge mwenyewe.

Neno "rejeta" tunalipita upesi, ingawa lina kichekesho chake. Waingereza walilijenga jina hilo juu ya neno la Kilatini lenye maana ya kutoa miali, na hali sehemu kubwa ya joto la rejeta haiondoki kwa miali, inachukuliwa na hewa inayopita katika mapezi yake. Sisi tulipolipokea neno tuliliacha kosa hilo bandarini. Rejeta kwetu ni rejeta.

Sasa tuingie katika nyaya, ambamo ndimo mlimo na shida. Feni moja ya kawaida ya kununua, yenye upana wa inchi 14 au 16, hula mkondo wa ampea 15 hadi 25 ikiwa katika mwendo wake, na katika nukta ya kuanza hula mara mbili au tatu ya huo. Huo ni mkondo mkubwa. Ukiupitisha katika swichi ndogo ya dashibodi, swichi itaungua. Kwa hiyo kazi hugawanywa. Waya mnene hutoka kwenye betri, hupita katika fyuzi, huingia katika rilei, na kutoka hapo huenda kwenye feni. Waya mwembamba hutoka kwenye swichi ya ufunguo, huingia katika koili ya rilei, hutoka ukaenda kwenye swichi ya joto iliyofungwa kwenye rejeta au kwenye injini, na kuishia bodini. Maji yakifika nyuzi 95 hivi, swichi ya joto hufunga, koili hupata mkondo usiozidi sehemu ndogo ya ampea moja, sumaku yake huvuta ulimi wa chuma, na ulimi huo hufungulia njia mkondo mkubwa. Maji yakishuka hadi nyuzi 90 hivi njia hukatika. Zile nyuzi tano katikati zimewekwa kwa makusudi, ili feni isiwe inawaka na kuzima kila dakika.

Msomaji atatambua kwamba katika maelezo hayo tumetaja nyaya nne tofauti ambazo, katika gereji yoyote kutoka Mombasa hadi Mwanza, zaweza kuitwa kwa jina moja: "waya wa moto". Waya unaotoka betrini ni wa moto. Unaotoka kwenye ufunguo ni wa moto. Unaokwenda kwenye feni, rilei ikifunga, ni wa moto. Hata ule wa koili una moto mpaka swichi ya joto ifunge. Wasomi wengi wakisikia hivyo hukimbilia kusema kwamba lugha ya gereji ni ya ovyo, na kwamba fundi afundishwe kusema "chanya" na "hasi" kama vitabu vya fizikia vinavyosema. Sisi hatukubaliani nao, na sababu yetu ni ya kihistoria.

Magari mengi ya Kiingereza yaliyoundwa kabla ya miaka ya 1960 kumalizika yalifunga upande chanya wa betri kwenye bodi. Land Rover zenyewe ziligeuzwa mwishoni mwa miaka hiyo, zikawa na hasi bodini kama magari mengine ya leo. Katika gari la zamani la namna ile, waya uletao nguvu kwenye taa na honi ulikuwa hasi. Fundi aliyesema "chanya" akimaanisha waya wenye hatari angekuwa amesema uongo katika nusu ya magari yaliyokuwa mbele yake. Fundi aliyesema "moto" alikuwa amesema kweli katika yote. Kwa maana "moto" hautaji alama ya betri. Unataja waya ule ambao ukigusa bodi utatoa cheche. Neno hili lilizaliwa na watu waliofanya kazi juu ya magari ya aina zote mbili, bila ya kamati, nalo lilikata jambo mahali pake hasa. Neno "chanya" lina kazi yake, tena kazi kubwa, lakini ni kazi nyingine.

Na feni inatudhihirishia tofauti hiyo kuliko taa. Taa haijali mkondo umeingia upande gani. Mota ya feni inajali: ukizigeuza nyaya zake, inazunguka kinyume, na badala ya kuvuta hewa kupitia rejeta inaipiga dhidi ya upepo wa barabara, na maji yanachemka huku feni inasikika ikifanya kazi kwa bidii. Katika gari lenye chanya bodini, waya mweusi wa feni, ambao mwuzaji ameukusudia uwe hasi, hauendi bodini. Unakwenda kwenye moto. Mtu anayefuata rangi peke yake ataifunga feni hiyo kinyume, na anayefuata maneno mawili kwa pamoja, yaani moto na bodi kwa upande mmoja, chanya na hasi kwa upande wa pili, hatakosa. Koili ya rilei ya kawaida, kwa bahati, ni kama taa.

Neno "bodi" nalo linastahili maneno mawili matatu. Waingereza husema ardhi, na watafsiri wetu wamewafuata, hata vitabu vingine vikaandika kwamba waya wa feni "uunganishwe na ardhi". Gari limesimama juu ya mipira minne. Halina habari na ardhi. Wafaransa na Wajerumani wanatumia neno lenye maana ya bonge au mwili wa chuma wenyewe, na fundi wetu, bila kuwauliza, amesema jambo lile lile. Tunaona "ardhi" liachiwe umeme wa majumbani, ambako nguzo ya shaba huzikwa kweli udongoni, na katika gari libaki "bodi". Tofauti hii si ya kupamba lugha tu. Mwanafunzi aliyefundishwa "ardhi" hukaza waya wake kwenye chuma chochote kilicho karibu na ardhi, hata kikiwa na rangi na kutu, na feni yake hukosa nguvu. Aliyefundishwa "bodi" anajua kwamba ni lazima akwangue rangi mpaka chuma king'ae, maana anaunga chuma na chuma.

Tumekuja kwenye "rilei", na hapa tutakaa kidogo. Chombo hiki ni cha zamani kuliko gari. Sifa ya kukibuni hupewa kwa kawaida Joseph Henry wa Marekani, mwaka 1835, na kilipata kazi kubwa katika simu za maandishi, ambako mkondo uliochoka kwa safari ya maili nyingi ulifika ukiwa na nguvu ya kuvuta ulimi mdogo tu, na ulimi huo ukaamsha mkondo mpya wa betri ya kituo kile, habari ikasonga mbele. Jina lenyewe Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, nalo lilihusu mbwa wa mawindo na farasi wa posta waliowekwa njiani ili wapokee kazi ya wale waliochoka. Mfano huo unafaa mno, na Kiswahili kina neno lake: "kupokezana". Hata mbio za vijiti tumeziita mbio za kupokezana. Basi kwa nini tusiunde jina la chombo kutokana na kitenzi hicho?

Tumelifikiria jambo hili kwa muda, na tumeona vizuizi viwili. "Kipokezi" limekwisha kuchukuliwa na elimu ya redio, ambako ni chombo kinachopokea mawimbi. Na "kipokezanishi", hata likiwa limeundwa kwa kufuata kanuni zote za sarufi, halitatamkwa na mtu aliyelala chali chini ya gari akiwa na spana mdomoni. Rilei inatamkwa tayari, imepata umbo la Kiswahili, na haigongani na neno jingine. Nguvu za kuunda maneno ni chache, na zitumike panapohitajika zaidi. Katika saketi hii panapohitajika si chombo, ni njia mbili zinazokutana ndani yake. Kiingereza kina majina ya njia hizo, vitabu vyetu havina jina lililotulia, na fundi anasema "moto" kotekote. Tunapendekeza "saketi ya nguvu" kwa njia ile nene iendayo kwenye feni, na "saketi ya amri" kwa ile nyembamba inayopita kwenye ufunguo na swichi ya joto. Maneno yote manne yanajulikana kwa mtoto wa shule, na picha yake ni wazi: mmoja anaamuru, mwingine anabeba.

Wajerumani walilikata tatizo hili kwa nambari. Katika kanuni yao, inayoitwa DIN 72552, mguu wa rilei unaopokea moto wa betri ni 30, unaoupeleka kwenye chombo ni 87, na miguu miwili ya koili ni 85 na 86. Waya wa moto unaopitia kwenye ufunguo huitwa 15, na wa bodi ni 31. Nambari hizo sasa zimechapwa kwenye rilei karibu zote zinazouzwa Kariakoo au Nairobi, ziwe zimetoka nchi gani, na zimeziondoa sokoni herufi za Waingereza, ambao rilei zao za zamani ziliandikwa C1, C2, W1 na W2. Mafundi vijana hutaja "thelathini" na "themanini na saba" kama watu wanavyotaja mabasi ya mjini. Tunakiri kwamba nambari zina uzuri wake, hazitafsiriki vibaya. Lakini haziwezi kumwambia mwanagenzi kwa nini mguu wa 30 lazima uwe na fyuzi karibu na betri, na yule wa 85 usihitaji. Kwa hilo hapana budi kuwa na maneno.

Kuhusu fyuzi, chanzo cha jina lake ni kuyeyuka, na kazi yake ni kuyeyuka kabla ya waya. Wengi hudhani kwamba fyuzi inailinda feni. Inaulinda waya. Kwa hiyo mahali pake ni mwanzoni mwa safari, sentimita chache kutoka kwenye betri, kwa maana kila sentimita iliyo kabla ya fyuzi haina mlinzi, kama waya wa kahawia wa ile Land Rover. Pendekezo la kuliita "kinga" hatulipendi. Kinga ni neno pana mno, limejaa dawa na sheria, nalo ndilo linalolea dhana hiyo ya kwamba chombo ndicho kinachokingwa.

Unene wa waya nao ni suala la lugha kuliko inavyodhaniwa. Mteja dukani huomba "waya mnene", mwuzaji humpa mwenye ganda nene la plastiki, na shaba ndani ni nyuzi chache. Tutoe hesabu. Waya wa shaba wenye mkato wa milimita za mraba 1.5, ukiwa na urefu wa mita 4 na kubeba ampea 20, hupoteza karibu volti moja njiani, na wati 19 hivi hugeuka kuwa joto ndani ya waya wenyewe. Ukiwa na mkato wa milimita za mraba 4, hupotea kama theluthi moja ya volti, na wati 7. Waya wa kwanza ukifungwa ndani ya fungu la nyaya nyingine karibu na injini yenye joto, ganda lake hulainika, nao unaanza kutafuta bodi. Hivyo tungependa vitabu vya ufundi viache kusema waya mnene na mwembamba, viseme "mkato" wa waya na kiasi chake. "Mkato" ni neno la mafundi seremala na la washonaji, linaeleweka, na halidanganyiki na plastiki.

Yapo maneno ambayo hayatupi taabu. Feni ikifungwa nyuma ya rejeta, upande wa injini, huitwa ya kuvuta, na ikifungwa mbele huitwa ya kusukuma. Hatukusikia fundi hata mmoja akitafuta neno la kigeni hapo. Lililo gumu ni "themostati", kwa kuwa baadhi ya mafundi huliita hivyo pia swichi ya joto ya feni. Vitu hivi ni viwili. Themostati ni mlango wa maji, hufunguka wenyewe kwa joto, kwa kawaida kwenye nyuzi 82 au 88, na hauna waya. Swichi ya joto ina waya, na haifungui wala haifungi njia ya maji. Ni lazima swichi ifunge juu ya joto linalofungua themostati, la sivyo feni haitapumzika kamwe. Mafundi wengi wa kwetu wana desturi ya kuitoa themostati na kuitupa, wakidhani ndiyo inayochemsha gari. Tusilizungumze sana jambo hilo, maana makala yetu ni ya istilahi.

Limebaki swali la utaratibu. Kanuni tuliyoizoea ya kutafuta istilahi inatutuma kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Kanuni hiyo ni njema, na tangu Baraza liundwe kwa sheria ya Bunge mwaka 1967 imetupatia mengi. Lakini watu wameisoma kana kwamba lahaja ni ya Mvita, ya Unguja, ya Pemba, ya Lamu tu. Kamati iliyoanza mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki ilikuwa na shughuli za tahajia na vitabu vya shule, haikuwa na haja ya kuingia gereji. Na hivyo kwa miaka mingi maneno ya umeme wa magari yalikua peke yake kama mbegu iliyoanguka nje ya shamba. Kwa maoni yetu gereji ni lahaja. Ina wazee wake, ina methali zake, na ina maneno ambayo yamejaribiwa kwa adhabu ya haraka kuliko yoyote tuijuayo sisi wa vitabuni. Orodha ya istilahi za umeme wa magari ikiandikwa bila "moto", na kuweka "chanya" mahali pake, itakuwa imefuta maarifa yaliyokusanywa juu ya aina mbili za magari kwa muda wa miaka thelathini.

Ila neno hilo liongezewe sifa, maana peke yake halitoshi. Tulirudi katika gereji ile baada ya wiki moja. Nyaya zilizoungua zilikuwa zimebadilishwa, rilei imefungwa ukutani mwa boneti miguu yake ikitazama chini ili maji yasikae, na fyuzi ya ampea 30 iko shubiri moja kutoka kwenye betri. Mzee hakuzitaja rangi tena. Alikuwa ameagiza utepe mweupe wa kufungia vidonda, akaufunga kwenye kila waya, na mwanagenzi akaandika juu yake kwa kalamu ya wino, kwa herufi kubwa: MOTO WA BETRI, MOTO WA UFUNGUO, MOTO WA FENI, BODI. Kwenye waya wa swichi ya joto kijana hakuwa ameandika kitu. Tulipomwuliza alisema kwamba hajui auite nini, kwa sababu una moto na tena unakwenda bodini.